Dawa ya Deni Ni Kulipa, Lakini Kwanza Lithibitishwe: Mwongozo kwa Familia za Wafanyakazi Uingereza Zinazodaiwa Benefiti Iliyozidi

Jumamosi moja asubuhi dada mmoja alifika kwangu moja kwa moja kutoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hata koti hakuvua. Aliweka mezani mfuko wa plastiki wenye bahasha saba za kahawia. Mbili alikuwa amezifungua. Tano zilikuwa bado vilevile zilivyoangukia mlangoni. Barua ya kwanza ilisema amelipwa Universal Credit, yaani malipo ya serikali ya kuongezea kipato, ambayo haikuwa haki yake kwa sababu alikaa nje ya nchi zaidi ya mwezi mmoja, na kwamba anatakiwa kuirudisha. Makato yalikuwa yameshaanza. "Si dawa ya deni ni kulipa?" akaniuliza, huku anainama kama vile mimi ndiye ninayemdai.

Tukakaa na kalenda. Alikwenda Tanga kumuuguza mama yake. Wiki ya tatu mama akafariki. Yeye ndiye kifungua mimba, baba hajiwezi, kila jambo la msiba lilimsubiri yeye. Akarudi wiki ya saba. Safari alikuwa ameitolea taarifa, lakini habari ya msiba hakumwambia mtu, hakuona inamhusu nani huku. Kumbe ndiyo iliyokuwa na uzito wote. Kanuni za Universal Credit zinamruhusu mtu kuwa nje kwa mwezi mmoja, kisha zinaruhusu mwezi wa pili ikiwa amefiwa na mwenzi, mtoto au ndugu wa karibu kama mzazi, na hali yenyewe ikawa haifai kumtaka arudi ndani ya mwezi wa kwanza. Akaandika maelezo, akaambatisha cheti cha kifo na tiketi za ndege. Deni likafutwa, alichokatwa akarudishiwa.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kila mwenye mfuko kama ule chini ya kitanda. Unahusu England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina idara yake na fomu zake, ingawa misingi mingi inafanana. Na nasema mapema: ushauri wa bure wa Citizens Advice au kituo cha sheria cha mtaani kwako una nguvu kuliko makala yoyote, kwa sababu wao wataziona karatasi zako.

Kabla ya hatua yoyote: aibu inavyotugharimu fedha

Nimeona watu wakilipa deni ambalo si lao ili tu jambo liishe na lisisikike. Kwetu, kumwambia mtu "anakula benefiti" ni tusi. Nyumbani wanaamini ukiwa Ulaya una mshahara wa kutosha, na kwenye makundi ya WhatsApp anayepata nyongeza ya serikali husemwa kama ombaomba. Basi mtu hamwambii hata mumewe au mkewe kwamba barua imekuja.

Waingereza nao wana maneno yao. Oktoba 2012 George Osborne, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliuhutubia mkutano mkuu wa chama chake juu ya mfanyakazi wa shifti anayetoka nyumbani alfajiri gizani, akitazama madirisha yaliyofungwa ya jirani ambaye bado amelala, anayeishi kwa benefiti. Picha hiyo iliingia vichwani mwa watu na haijatoka. Lakini mara nyingi sana anayetoka alfajiri na anayepata benefiti ni mtu mmoja. Kama mtu mmoja kati ya watatu wanaopata Universal Credit ana kazi. Ni mwangalizi wa wazee, mpakiaji wa ghala, msafishaji wa ofisi, dereva, mhudumu wa mkahawa. Anakatwa kodi ya mapato na Bima ya Taifa, analipa kodi ya kaunsili, na vingi anavyonunua dukani vina kodi ndani yake.

Wala si mpango wa kuhurumia wavivu ulioanzishwa jana. Agosti 1946 serikali ya Uingereza ilianza kulipa posho ya familia, shilingi tano kwa wiki kwa mtoto wa pili na kila aliyemfuata, awe baba ana kazi au hana. Mwaka 1971 ukaja mpango maalumu wa kuongezea familia zenye kazi ya mshahara mdogo; ukarithiwa na mwingine 1988, kisha tax credits mwaka 2003, na sasa Universal Credit, iliyoanza 2013. Vyama vyote viwili vikubwa vimeuendeleza, kwa sababu mshahara peke yake haukuwa ukitosha kodi ya nyumba na malezi ya watoto. Ni haki iliyoandikwa kwenye sheria. Anayeidai hamwibii mtu, na anayebishia hesabu yake si mjeuri.

Na barua za serikali hukosea. Mwaka 2025 Mamlaka ya Kodi, HMRC, ilisimamisha posho ya watoto kwa familia zipatazo 23,500 kwa kutazama kumbukumbu za safari, ikidhani zimehama nchi. Wengi walikuwa wamekwenda likizo na kurudi, ila kurudi kwao hakukuandikwa. Idara ikaomba radhi. Uholanzi ndiyo walivuka mpaka: maelfu ya wazazi, wengi wenye asili ya nje, waliambiwa ni walaghai wa posho ya malezi ya watoto na kudaiwa fedha zilizowafilisi, hata serikali nzima ikajiuzulu Januari 2021. Basi ukipokea barua, usianze kwa kujihukumu.

Hatua ya 1: Fungua bahasha, utafute mambo manne

Tarehe ya barua. Jina la benefiti. Kipindi wanachosema ulizidishiwa. Kiasi. Viandike kwenye daftari moja, na barua ipige picha.

Tarehe ndiyo inayokimbiza. Una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Ukiwa umechelewa, usikate tamaa: unaweza kuomba hadi miezi 13 kwa kueleza kwa nini ulichelewa (ugonjwa, msiba, barua kwenda anwani ya zamani, kutoelewa lugha), na hata wakikataa ombi lako kwa sababu ya kuchelewa, ndani ya muda huo mlango wa kukata rufaa bado uko wazi.

Jina la benefiti ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana kila moja ina sheria yake ya kurudisha.

Universal Credit ndiyo kali kuliko zote. Chini ya sheria ya mwaka 2012, ikizidi inadaiwa hata kama kosa ni la ofisi. Hapo unaweza kupinga *kama* ulizidishiwa na *kiasi gani*. Kuhusu kosa ni la nani kuna njia nyingine, nitaifikia.

Carer's Allowance, yaani posho ya anayemtunza mgonjwa, pamoja na posho ya watoto, zinadaiwa tu ikiwa ulitoa taarifa isiyo sahihi au ulinyamaza jambo uliloambiwa ulitolee taarifa. Ukiwa na ushahidi kwamba uliwaambia, deni linaweza kuanguka lote. Hii ya watunzaji iangalie kwa makini: kipato kikizidi kiwango cha wiki, ambacho mwaka wa fedha 2025/26 kilikuwa pauni 196, hata kwa pauni moja, posho ya wiki nzima hupotea. Mapitio huru yaliyoongozwa na Liz Sayce, yaliyotoka Novemba 2025, yalikuta kwamba maelekezo ya namna ya kupiga wastani wa mapato yasiyolingana yalikuwa na kasoro kwa miaka, na serikali imekubali kuzipitia tena kesi za zamani. Kama ulilipishwa deni hilo na mshahara wako ulikuwa unapanda na kushuka, ulizia upya.

Msaada wa kodi ya nyumba wa kaunsili, Housing Benefit, hautakiwi kurudishwa kama kosa lilikuwa la ofisi na wewe usingeweza kujua kwamba unazidishiwa.

Halafu kuna tax credits. Zilifungwa tarehe 5 Aprili 2025 lakini madeni yake yanaishi, na ukishahamia Universal Credit huhamishiwa Wizara ya Kazi na Pensheni, DWP. Mfumo ule ulilipa kwa kukadiria mapato ya mwaka, kisha ukafunga hesabu baadaye. Katika mwaka wake wa kwanza kama theluthi moja ya familia zilizidishiwa. Ongezeko la mapato lililovumiliwa lilikuwa pauni 2,500, likapandishwa hadi 25,000 mwaka 2006, kisha likashushwa kidogo kidogo hadi kurudi 2,500 mwaka 2016. Maana yake ni kwamba mama aliyeongeza saa za kazi mwaka huo, kwa bidii yake mwenyewe, ndiye aliyepata deni. Likikufufukia la miaka kumi na tano iliyopita, usilikubali kwa jina tu. Omba nakala ya taarifa zako zote walizonazo. Ni bure, na wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Mliokuwa na dai la pamoja mkaachana, ombeni ligawanywe nusu kwa nusu. Na usitegemee kwamba miaka sita ikipita deni linakufa: muda huo unaweza kuwazuia kukupeleka mahakamani, lakini hauwazuii kukata kwenye benefiti wala kwenye mshahara.

Hatua ya 2: Dai hesabu, mwezi kwa mwezi

Barua nyingi hutoa jumla tu. Andika kwenye jonali yako ya mtandaoni (sehemu ya kuandikiana nao kwenye akaunti yako ya Universal Credit), au piga simu kwa namba iliyo kwenye barua, uombe sababu na hesabu ya kila kipindi cha mwezi. Simu ikiisha, andika kwenye jonali: leo saa fulani nimeongea, nimeambiwa hivi. Jonali haisahau.

Ukipata hesabu, ilinganishe na karatasi zako za mshahara. Kwa mwaka wa fedha 2025/26, mwenye mtoto anayesaidiwa kodi ya nyumba aliachiwa pauni 411 za kwanza za mshahara wa mwezi, kisha kila pauni iliyobaki ilipunguza Universal Credit kwa senti 55. Mfano: umebeba 1,500 mkononi. Toa 411, inabaki 1,089. Asilimia 55 yake ni 598.95, ndicho kinachopunguzwa. Kama wao wamepunguza vingine, waulize mshahara gani uliripotiwa. Mwajiri akilipa mapema kwa sababu ya Krismasi, mishahara miwili inaweza kuangukia kipindi kimoja. Akina mama wanne walilipeleka jambo hilo mahakamani na wakashinda Mahakama ya Rufaa Juni 2020, na kanuni zikabadilishwa ili mshahara wa mwezi uweze kuhamishiwa kipindi chake.

Sasa nije kwenye sababu zinazotukamata sisi hasa. Hapa ndipo naomba usome polepole.

*Safari.* Nimeshaieleza. Ongeza hili: ukienda kutibiwa nje, au kumsindikiza mwenzi au mtoto kutibiwa, muda unaweza kufika miezi sita. Posho ya watoto ina hesabu yake, kwa kawaida wiki 8, na hadi 12 kwa matibabu au msiba.

*Kiwanja na nyumba ya nyumbani.* Wengi hawajui kwamba kiwanja cha Kibaha au nyumba ya Kisauni ni mali inayohesabiwa. Mali na akiba zikivuka pauni 6,000, Universal Credit hupungua pauni 4.35 kwa kila 250 zinazozidi. Zikivuka 16,000, huna haki. Lakini hapa pia ndipo madeni hukuzwa kupita kiasi. Thamani inayotakiwa ni ya soko la kule kule. Toa asilimia 10 kwa gharama za kuuza, na toa mkopo uliowekewa mali hiyo. Shamba la ukoo, hesabu ni ya fungu lako tu. Nyumba anayoishi mzazi wako aliyefikia umri wa pensheni wa Uingereza, au ndugu wa karibu asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya afya, inaondolewa kwenye hesabu. Na iko kanuni nyingine ambayo hata maofisa husahau: deni la mali likidumu zaidi ya miezi mitatu, kila miezi mitatu mali yako inatakiwa ihesabiwe imepungua kwa kiasi ulichozidishiwa, kwa sababu kama usingelipwa ungekuwa unaila akiba hiyo. Aliyezidi kidogo tu mpaka wa 16,000, kanuni hii inaweza kulipunguza deni lake sana. Itaje kwa maneno yako kwenye barua: omba "diminution of capital" itumike.

*Upatu na michango.* Wewe ndiye mweka hazina wa kikundi, au rambirambi za msiba zimepitia akaunti yako. Benki inaonyesha pauni 9,000 ambazo si zako. Fedha unayowashikia wengine si mali yako kisheria, lakini utatakiwa kuonyesha: daftari la majina, ujumbe wa kikundi, siku fedha ilipotoka kwenda kwa mwenyewe. Mwenye zamu ya upatu anza leo kuandika. Na ikiwezekana, kikundi kiwe na akaunti yake.

*Mwenzi.* Kama mnaishi kama mke na mume mnatakiwa kudai pamoja. Mmoja akiwa na viza iliyokatazwa fedha za umma, anayestahili bado hudai, ila analipwa kiwango cha mtu mmoja huku mapato na mali za wote wawili zikihesabiwa. Wengi hujaza vibaya hapo. Ikiwa ulidai kama mtu mmoja na ukweli mlikuwa wawili, deni lisiwe jumla yote: omba watoe kiasi ambacho mngestahili kulipwa mngedai pamoja. Kanuni zinawataka wafanye hivyo. Lakini ikiwa ni wewe mwenye viza iliyokatazwa na umelipwa kimakosa, kabla ya kuandika neno lolote tafuta mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority.

*Watoto.* Kijana kumaliza shule na kuanza kazi, mtoto kuhamia kwa baba yake, ada ya mlezi kupungua wakati wa likizo: kila kimoja kinatakiwa kuingia kwenye jonali mara tu kinapotokea.

Hatua ya 3: Omba uamuzi uangaliwe upya

Barua yao wenyewe huliita "mandatory reconsideration", na ni lazima upite hapo kabla ya mahakama. Kwa Universal Credit huwa kuna maamuzi mawili: ule wa haki yako kubadilishwa, na ule wa kiasi kinachodaiwa. Ukipinga wa pili peke yake, wa kwanza unabaki umesimama na unakushinda. Pinga yote mawili. Maneno hayahitaji kuwa ya mwanasheria:

"Sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani kwamba nililipwa zaidi kati ya tarehe hii na hii. Naomba uamuzi kuhusu haki yangu na uamuzi kuhusu malipo yaliyozidi vyote viangaliwe upya. Sababu zangu ni hizi. Nimeambatisha ushahidi huu. Naomba nitumiwe hesabu ya kila kipindi, na makato yasimamishwe mpaka nitakapojibiwa."

Usidhani makato yatasimama yenyewe. Ndiyo maana sentensi ya mwisho ipo. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Tafadhali usimtumie mtoto wako. Mtoto wa miaka kumi akitafsiri barua ya deni la mama yake, anaibeba shuleni.

Wakikataa, utapata jibu la maandishi, na una mwezi mwingine kukata rufaa kwenye mahakama huru inayoitwa First-tier Tribunal. Ni bure. Chagua kusikilizwa badala ya kuamuliwa kwa karatasi tu, kwa sababu jaji akikusikia mwenyewe ukieleza, yale yasiyokaa vizuri kwenye karatasi hupata sura. Hakuna kizimba wala joho. Ni chumba chenye meza, au simu.

Hatua ya 4: Ulizidishiwa kweli, lakini kosa ni lao

Hapa ndipo wenye Universal Credit huambiwa "huwezi kufanya lolote". Si kweli. Sheria inawapa uwezo wa kudai, haiwalazimishi. Unaweza kuomba wasamehe deni lote au sehemu.

Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya mtu aliyetajwa kwa herufi K tu. Alikuwa amezidishiwa zaidi ya pauni 8,600 kwa makosa ya wizara. Alikuwa ameuliza, na kuuliza tena, kama kweli anastahili, akajibiwa ndiyo. Jaji akaamua kwamba kumdai lilikuwa jambo lisilo halali. Unaona kilichomsaidia: aliuliza, na maswali yake yalikuwa yameandikwa.

Kwenye ombi lako eleza mambo matatu. Kosa lilitokeaje, na wewe ulifanya nini kulizuia. Fedha ilitumika kwa nini (kodi, chakula, nauli ya kazini), maana hukuiweka pembeni. Na kulipa kutakufanyia nini: weka bajeti ya mwezi, barua ya daktari kama wewe au mtoto mnaumwa, malimbikizo ya gesi na umeme. Hawasamehi kwa wepesi. Ila ambaye hakuomba hasamehewi kabisa.

Hatua ya 5: Deni ni halali, sasa jadili kasi ya kulilipa

Tangu Aprili 2025 makato mengi kwenye Universal Credit yakijumlishwa hayatakiwi kuvuka asilimia 15 ya posho ya msingi. Zamani ilikuwa 25. Kwa mtu mmoja wa miaka 25 au zaidi, mwaka 2025/26, posho hiyo ilikuwa pauni 400.14, kwa hiyo mwisho ulikuwa kama pauni 60 kwa mwezi. Kwa wenzi wawili ilikuwa 628.10, na mwisho kama 94. Hali chache, kama malimbikizo ya kodi ya nyumba, zinaweza kuvuka. Ukiona zaidi ya hapo, uliza kwa nini.

Hata asilimia 15 unaweza kuomba ipunguzwe. Piga simu kitengo cha madeni ukiwa na bajeti mkononi: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Sema kiasi unachoweza, usingoje wakutajie. Fedha za nyumbani ni jambo gumu hapa, kwa sababu pauni 50 unazomtumia mama kila mwezi wao hawazihesabu kama lazima. Ziandike hata hivyo, ueleze ni za dawa au chakula. Afadhali bajeti ya kweli inayobishiwa kuliko ya uongo utakayoshindwa kuifuata mwezi wa pili.

Usiyepata benefiti tena, wanaweza kumwandikia mwajiri wako akate kwenye mshahara bila kupitia mahakamani. Ni asilimia inayopanda na mshahara, kwa kawaida isiyozidi 20, na lazima ubaki na angalau asilimia 60 ya mshahara wako halisi. Mwajiri anaweza kujichukulia pauni moja kwa kila makato. Hiki ndicho wengi wetu hukiogopa, bosi kujua. Kinazuilika ukipiga simu mapema na kukubaliana malipo ya benki kila mwezi.

Kama madeni ni mengi (kadi, kodi, umeme, na hili juu yake), ongea na StepChange au National Debtline, washauri wa madeni ambao ni wa bure. England na Wales kuna amri ya kufuta madeni ya wasio na uwezo, Debt Relief Order. Ada yake iliondolewa Aprili 2024, na sasa inabeba madeni hadi pauni 50,000. Deni la benefiti lisilo la udanganyifu huingia humo, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2011 kwamba wizara haiwezi kuendelea kukata kwa deni lililo chini ya amri hiyo. Anayekutumia ujumbe kwamba atakufutia deni kwa malipo ya awali ni tapeli.

Hatua ya 6: Wakitaja udanganyifu

Faini ya pauni 50 ni ya uzembe. Haikufanyi mhalifu, na inaweza kupingwa. Lakini ukiitwa kwenye "interview under caution", yaani mahojiano rasmi ya kuchunguza udanganyifu, simama hapo. Usiende peke yako, usiende "kueleza tu ukweli niondoke". Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Tafuta wakili kwanza, uliza msaada wa kisheria wa serikali, omba tarehe isogezwe. Wakikupa chaguo la kulipa adhabu badala ya kushtakiwa (nusu ya kiasi kilichozidi, kuanzia pauni 350 hadi 5,000), usisaini siku hiyo, hasa kama una ombi la uhamiaji linalosubiri.

Hatua ya 7: Funga hesabu

Deni likiisha au likifutwa, omba barua inayosema salio ni sifuri na uitunze. Mwezi unaofuata fungua hesabu yako mtandaoni uone kama makato yamekoma. Yakiendelea, andika siku hiyohiyo na udai kurudishiwa.

Na kabla ya safari yoyote, andika kwenye jonali mambo matatu: siku ya kutoka, siku ya kurudi, na unakwendea nini. Jambo likikukuta huko, iwe msiba, ugonjwa au ndege kuahirishwa, andika ukiwa hukohuko, kwa simu, hata kwa mistari miwili. Cheti cha kifo kichukue kabla hujapanda ndege ya kurudi. Kukifuatilia ukiwa Reading au Leicester huchukua miezi, na wewe una mwezi mmoja.